Gitaa la Umeme Kutoka Benchi Kuukuu: Kipimo Kwanza, Msumeno Baadaye



Ukurasa huu umezoea kuwaletea habari za mizinga ya nyuki, majiko ya kuokoa kuni na matangi ya kuvunia maji ya mvua. Safari hii tunaandika juu ya gitaa la umeme, na jinsi ya kulitengeneza nyumbani kwa mashine chache na vyombo vya mkono. Tunajua wako watakaouliza: hayo nayo ni maendeleo?

Sisi tunasema ni maendeleo. Tazameni makanisa yetu. Karibu kila kwaya ya vijana ina gitaa, au ilikuwa nalo. Siku likiharibika linatundikwa ukutani katika chumba cha nyuma, na hapo linakaa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa sababu hakuna mtu karibu anayejua kulifungua. Na nje ya kanisa hilohilo kuna kijana aliyemaliza kozi ya useremala, amekaa anangoja oda ya kitanda au ya jeneza. Gitaa linangoja fundi, fundi anangoja kazi, na hawajuani.

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, tunasoma habari za wana wa Lameki. Yubali ndiye baba wa wapiga kinubi, na ndugu yake Tubal-kaini ndiye mfua chuma. Baba yao ni mmoja. Basi tangu mwanzo mwanamuziki na fundi wametoka nyumba moja.

Tena jambo la kufundisha vijana kazi za mikono si geni kwa makanisa ya Kenya. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Kutokana na swali hilo zikazaliwa zile politekniki za vijijini, ambazo siku hizi ni vyuo vya mafunzo ya ufundi chini ya kaunti. Swali lenyewe bado liko mlangoni petu.

TULIVYOLIHARIBU LA KWANZA

Kabla ya kuwafundisha wengine, wacha tuungame.

Miaka kadhaa iliyopita wazee wa kanisa walitupa benchi moja kuukuu la mvule lililovunjika miguu. Mbao yake ilikuwa imekaa kanisani miaka mingi, imekauka kama mfupa. Walitupa kwa moyo mweupe, na mzee mmoja akatuambia, "Msiifanye kuni." Tuliipeleka Kitale kwenye karakana yenye mashine, ikarandwa na kukatwa. Kisha tukarudi nayo Bungoma kwa matatu, kupitia Webuye, tukaimalizia kwa mkono. Likatoka gitaa zuri, limepakwa vanishi mpaka watoto wakawa wanajiangalia uso ndani yake.

Jumapili ikafika, likapigwa. Mpigaji alipokuwa chini, karibu na kichwa cha gitaa, hakuna aliyelalamika. Alipopanda juu ya shingo, sauti ikaachana na kwaya. Akakaza uzi mmoja, akalegeza mwingine. Huku kukawa sawa, kule kukaharibika. Sauti ya kwanza wakamfuata yeye, besi wakabaki na kinanda, na mwimbishaji akaufunga wimbo kabla ya ubeti wa tatu. Mzee aliyetupa benchi hakusema neno. Afadhali angesema.

Kosa letu halikuwa la mbao, wala la msumeno, wala la umeme. Lilikuwa kosa la rula. Tutalieleza huko mbele, maana ndilo somo lenyewe la makala hii.

GITAA LA UMEME LINAFANYAJE KAZI?

Watu wa Bungoma wanalijua litungu, chombo cha nyuzi saba cha Wabukusu. Uzi wa litungu ukipigwa unatikisa ngozi iliyowambwa juu ya tumbo lake, ngozi inatikisa hewa, nasi tunasikia. Gitaa la kawaida la mbao hufanya vivyo hivyo. Ndilo alilopiga marehemu George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, na ndilo walilopiga Abana ba Nasery wa Bunyore, wale waliogonga na chupa ya Fanta kushika mwendo. Tumbo la gitaa hilo liko wazi ndani, na ubao mwembamba wa juu ndio unaopaza sauti. Ubao huo ukizidi unene kidogo tu, sauti inakufa. Kulitengeneza kunataka bingwa.

Gitaa la umeme ni njia nyingine kabisa. Mwili wake ni mbao nzima isiyo na shimo la sauti. Chini ya nyuzi kuna kifaa kinachoitwa pikapu. Ndani ya pikapu mna sumaku, na juu ya sumaku umezungushwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara 7,000 hadi 8,000. Uzi wa chuma unapotikisika karibu na sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya ule waya. Mambo haya ya sumaku kuzaa umeme yaligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831, na ndiyo hayohayo yanayowasha taa ya baiskeli yenye dainamo. Umeme huo mdogo unasafiri kwa waya hadi kwenye amplifaya, unakuzwa, spika inatoa sauti.

Ukielewa hapo, umeelewa mambo mawili makubwa.

La kwanza: nyuzi lazima ziwe za chuma. Mshipi wa kuvulia samaki hautatoa sauti hata ukipiga mpaka jioni, kwa sababu sumaku haiujui.

La pili: mwili wa gitaa ni wa kubeba tu. Mwamerika mmoja, Les Paul, karibu na mwaka 1940 alichukua kipande cha boriti, akakifunga shingo, nyuzi na pikapu. Chombo hicho walikiita Gogo, na kilipiga vizuri. Watu hawakukipenda mpaka alipokibandika mbavu mbili pembeni ili kifanane na gitaa. Kwa hiyo fundi anayeweza kutengeneza mguu wa meza ulionyooka anaweza kutengeneza mwili wa gitaa la umeme. Kazi ngumu iko kwenye shingo.

BABA NA MWANA WA LONDON

Msidhani kutengeneza gitaa nyumbani ni mambo ya watu waliokosa. Mwaka 1963 kijana wa miaka 16 huko London, Brian May, alitaka gitaa la umeme na nyumbani hapakuwa na pesa ya kulinunua. Yeye na baba yake, aliyekuwa fundi wa mambo ya elektroniki, wakaamua kuliunda wenyewe. Iliwachukua kama miaka miwili.

Shingo waliichonga kutoka mbao kuukuu ya mahali pa kuotea moto, ambayo ilikuwa na matundu ya wadudu. Wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya mwili ilitoka kwenye meza ya zamani. Springi zilikuwa za injini ya pikipiki. Zile alama nyeupe kwenye shingo zilikuwa vifungo vya nguo kutoka sanduku la kushonea la mama yake.

Kijana huyo baadaye alikuja kupiga gitaa katika bendi ya Queen, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Na mwaka 2002 alisimama juu ya paa la jumba la malkia wa Uingereza akapiga wimbo wa taifa kwa gitaa lilelile la mbao kuukuu.

Lakini angalieni jambo moja. Pikapu nazo alizitengeneza mwenyewe mwanzoni, zikamsumbua alipovuta nyuzi pembeni, ndipo akanunua za dukani. Fundi mwenye akili anajua pa kuchonga na pa kununua.

CHA KUNUNUA NA CHA KUTENGENEZA

Nunueni, au ng'oeni kutoka gitaa bovu: nyuzi sita, funguo za kukazia nyuzi, waya wa freti (vile vichuma vinavyopita shingoni), pikapu, vidhibiti vya sauti, tundu la plagi, na nondo ya kutia ndani ya shingo.

Tengenezeni wenyewe: mwili, shingo, kizingiti na daraja. Kizingiti ni kile kipande kidogo kinachokaa nyuzi zinapotoka kichwani; mfupa wa ng'ombe uliochemshwa, ukakauka na kupigwa tupa, unakifaa sana. Daraja ni pale nyuzi zinapoishia mwilini. Fundi wa jua kali atalikunja kutoka chuma cha pembe, na boliti ndogo zikawa za kupandishia na kushushia nyuzi.

Vijana wengi wameanza kwa gitaa la mkebe lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Hatulidharau, limefundisha wengi. Lakini waya wa breki haukuzaliwa kuwa uzi wa gitaa, na kwa gitaa hili nunueni nyuzi za kweli.

MBAO

Mbao iwe kavu. Tunarudia: iwe kavu. Desturi ya maseremala ni kwamba mbao mbichi hukaa mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kivulini, imepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Ndiyo maana tunapenda mbao kuukuu: benchi, mlango, kitanda cha zamani. Hiyo imekwisha kujikunja ilivyotaka kujikunja. Tena haikati mti. Ukataji katika misitu ya serikali uliposimamishwa Februari 2018, ndipo wengi wetu tulipoanza kuitazama mbao kuukuu kwa heshima. Na kama ni lazima kukata mti wa shambani kwako, pita kwanza kwa chifu na ofisi ya misitu uulize juu ya kibali.

Kwa mwili: mvule, mahogani au grevilia. Saipresi pia yafaa, ila hubonyea upesi. Kwa shingo: mbao ngumu ambayo nyuzi zake zimenyooka kutoka mwisho hadi mwisho, bila fundo hata moja. Mkaratusi tuwaachie wa nguzo, unajipinda.

Kumbukeni pia kwamba Kitale iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na Bungoma iko kama mita 1,400 na ina joto zaidi. Mbao iliyorandwa Kitale ikija Bungoma inabadilika kidogo. Iacheni ipumzike wiki mbili kabla ya kuchonga shingo.

KAZI YA MASHINE

Mashine ni ya kazi nne tu. Zifanyeni siku moja ili mlipie mara moja.

1. Kuranda mbao ya mwili hadi unene wa milimita 44, na ya shingo hadi milimita 25. Baadaye mtaishusha ya shingo kwa mkono hadi 20 au 22.

2. Kukata umbo la mwili kwa msumeno wa mkanda. Urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 32 watosha. Choreni umbo kwanza kwenye karatasi ngumu.

3. Kuchimba mfereji wa nondo katikati ya shingo, na mifuko ya pikapu na ya shingo kwenye mwili. Mfuko wa shingo uwe na kina cha milimita 16. Shingo iingie kwa kubana, isichezecheze.

4. Kutoboa matundu ya funguo na ya skrubu nne zinazoshika shingo.

Juu ya usalama hatutanii. Kabla ya kukaribia mashine ng'oeni misumari yote, maana mbao ya benchi huificha ndani. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, tai na shanga ziachwe nyumbani. Mbao fupi isukumwe kwa kijiti, si kwa kidole. Na vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo fungeni pua na mdomo. Gitaa linapigwa kwa vidole. Usivipoteze wakati wa kulitengeneza.

KAZI YA RULA: HAPA NDIPO TULIPOANGUKA

Urefu wa uzi kutoka kizingiti hadi daraja tutauweka milimita 648. Huu ndio urefu unaotumika katika magitaa mengi ya umeme. Freti zinaupunguza uzi hatua kwa hatua, na kila hatua ni nusu sauti. Hatua hizo hazilingani. Za karibu na kichwa ni pana, na kadiri unavyopanda zinakaribiana, kwa sababu kila freti hukata sehemu ileile ya uzi uliobaki. Hesabu yake: chukua urefu uliobaki, ugawe kwa 17.817. Wazee wa kale waligawa kwa 18, lakini ukifanya hivyo freti ya 12 itakosea kwa zaidi ya milimita 2.

Ili msisumbuke, hesabu tumewafanyia. Vipimo vyote ni milimita kutoka kizingiti:

Freti ya 1: 36.4
Freti ya 2: 70.7
Freti ya 3: 103.1
Freti ya 4: 133.7
Freti ya 5: 162.5
Freti ya 6: 189.8
Freti ya 7: 215.5
Freti ya 8: 239.8
Freti ya 9: 262.7
Freti ya 10: 284.3
Freti ya 11: 304.7
Freti ya 12: 324.0

Freti ya 12 iko katikati kabisa ya 648. Kutoka hapo njia ni rahisi: chukua kipimo cha freti iliyo 12 nyuma yake, ugawe nusu, kisha ujumlishe 324. Mfano, freti ya 19 ni nusu ya 215.5 na 324, yaani 431.8 hivi. Freti 21 zinatosha.

Sasa kosa letu. Sisi tulipima freti ya kwanza kutoka kizingiti. Ya pili tukaipima kutoka ya kwanza. Ya tatu kutoka ya pili, na kuendelea. Kila mara penseli ilikula nusu milimita. Nusu milimita ni nini? Si kitu, tulisema. Lakini nusu milimita mara 12 ni milimita 6, na pale juu nafasi ya nusu sauti nzima ni kama milimita 18. Tulikuwa tumepoteza theluthi moja ya hatua, na kwaya ikaisikia.

Basi shikeni hili: kila freti ipimwe kutoka kizingiti, si kutoka freti ya jirani. Tumieni rula ya chuma, si tepu. Weka alama kwa ncha ya kisu, si kwa penseli butu. Apime mmoja, ahakikishe mwingine, na hao wawili wasiwe marafiki wa kuoneana haya. Kitabu cha Mithali kinaonya juu ya mizani ya hadaa. Sisi hatukukusudia kumhadaa mtu, lakini kipimo kibovu hakiulizi ulikusudia nini.

SHINGO NA FRETI

Nyuzi sita zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 45. Hiyo ni nusu ya gunia la mahindi la kilo 90, limening'inia kwenye kijiti cha mbao usiku na mchana. Ndiyo maana shingo inatiwa nondo ndani, na juu yake unagundishwa ubao wa freti. Gundi ikishapakwa, bana kwa klampu na uache hadi kesho. Usiwe na haraka.

Shingo iwe na upana wa milimita 42 penye kizingiti na 56 hivi penye freti ya 21. Mgongo wake uviringwe kwa tupa na msasa. Hapa mkono ndio mwalimu: shika, jaribu, punguza, shika tena.

Mifereji ya freti ikatwe kwa msumeno mwembamba. Msumeno wa chuma wa kawaida hukata mfereji mpana mno; noa ubavu wa meno yake kwenye jiwe, ujaribu kwenye kipande cha kutupa mpaka mguu wa freti uingie kwa kubana. Gonga freti kwa nyundo ya mbao. Zikiisha zote, pitisha tupa bapa iliyonyooka juu yake ili zilingane kimo, kisha zilainishe kwa msasa. Freti moja ikisimama juu kuliko wenzake, uzi utalia kama nyuki.

Kabla ya kutoboa skrubu za daraja, vuta uzi wa kushonea kutoka kichwa hadi mwisho wa mwili. Ukipita katikati ya shingo na katikati ya pikapu, endelea. Usipopita, simama.

UMEME: WA GITAA NA WA UKUTANI

Nyaya za ndani ni chache. Waya mmoja wa pikapu huenda kwenye kidhibiti sauti, kisha kwenye tundu la plagi. Wa pili ni wa ardhi, nao huunganishwa pia na daraja la chuma, la sivyo gitaa litanguruma. Kama hujui kulehemu kwa risasi, mpelekee fundi wa redio. Pikapu nzuri ya kawaida ikipimwa kwa mita yake inaonyesha kama omu 6,000 hadi 8,000. Isipoonyesha kitu, waya umekatika ndani.

Umeme wa gitaa lenyewe hauwezi kumdhuru mtu. Haufiki hata volti moja kwa kawaida. Hatari iko kwenye amplifaya, na hapa tunaomba msome taratibu. Nyuzi za gitaa zimeungana na daraja, daraja na waya wa ardhi, na waya huo na bati la amplifaya. Amplifaya ikiwa mbovu, na mtu ameukata waya wa ardhi kwenye plagi, basi volti 240 za ukutani zinaweza kufika vidoleni mwa mpigaji. Naye akisogeza mdomo kwenye maikrofoni, zinapita mwilini mwake. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi.

Kwa hiyo: plagi iwe na nyaya tatu na zote ziwe zimefungwa. Amplifaya na mashine ya maikrofoni zichukue umeme mahali pamoja. Kwenye mkutano wa nje, mvua ikinyesha, mpigaji asisimame miguu mitupu kwenye majani mabichi. Mvua ikizidi, zimeni. Ukihisi kutekenywa kidogo tu kwenye nyuzi, usiseme ni upako. Zima, umwite fundi. Kanisa lisilo na stima linaweza kutumia amplifaya ya betri ya volti 12, na hiyo ni salama zaidi. Amplifaya ya stima ya kujiundia iachwe kwa aliyesomea.

KULIPIMA KWA SIKIO

Funga nyuzi, zikaze, uzipange. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 kiwe kama milimita 2. Sasa mtihani wa mwisho. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubana, piga. Utasikia sauti nyembamba kama kengele. Kisha ubane hapohapo, piga tena. Sauti mbili ziwe moja. Ya kubana ikiwa juu, sogeza kikalio cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Kikalio cha uzi mnene kitaishia nyuma kidogo kuliko cha uzi mwembamba, na hilo si kosa.

JE, KUNA RIZIKI HAPA?

Tusiwadanganye. Gitaa la mkono halitashindana kwa bei na magitaa ya kiwandani yanayoletwa kwa maelfu. Anayetaka kutajirika haraka asianzie hapa. Lakini aliyetengeneza moja kwa mikono yake anajua kurekebisha yote: freti zilizolika, funguo zilizokatika, tundu la plagi lililolegea, shingo iliyopinda. Kazi hiyo ipo Kitale, ipo Bungoma, na leo imetundikwa kwenye kuta za vyumba vya nyuma vya makanisa yetu.

Na lile gitaa letu la kwanza? Kwa kuwa shingo yake ilishikwa na skrubu nne, tuliifungua, tukachonga nyingine kutoka ubao wa benchi uliobaki, tukapima kila freti kutoka kizingiti, wawili wawili. Mwili ni uleule. Shingo ya zamani tumeitundika karakanani, na kila mwanafunzi mpya anaipima kwanza kabla ya kupewa msumeno.

Siku tulipolirudisha kanisani, yule mzee alilishika, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye tundu la msumari ambalo hatukuliziba. Akasema, "Hapa ndipo nilipokuwa nakaa." Kwaya ikaimba hadi ubeti wa mwisho.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kanisa letu kuna vyombo vingapi vilivyoharibika? Nani ameulizwa kuvitengeneza?

2. Ni mbao gani kuukuu tunazochoma kama kuni ambazo zingeweza kufanya kazi nyingine?

3. Ni nani katika kikundi chetu anayeruhusiwa kusema, "Kipimo hiki si sawa," bila kuonekana mtu wa maneno?

4. Plagi ya amplifaya yetu ina nyaya tatu? Ifungueni leo, ikiwa imechomolewa ukutani, mtazame.

Bwana azibariki kazi za mikono yenu.